Miezi 14 na sanduku la kidirisha: Tangawizi kashusha miguu

Nina daftari dogo la kijani ambamo huandikwa kila tunapofungua nyumba ya Tangawizi: tarehe, saa, tumefungua kwa sababu gani, naye kafanya nini. Tangawizi ni tarantula jike wa rangi ya chungwa, Pterinochilus murinus, buibui ambaye wafugaji wa Ulaya humtaja kwa tahadhari. Katika nyumba yake ya kwanza nilifungua mlango mara 31, na mara 24 alinyanyua miguu ya mbele akanionyesha meno. Katika sanduku ninalolieleza hapa amekaa miezi 14. Nimemfungulia mara nyingi kupita hizo, na amenyanyua miguu mara 3 tu. Buibui ni yuleyule na mikono ni ileile; nilichobadilisha ni nyumba.

Nimeona niandike kwa Kiswahili kwa sababu ndugu wawili watatu hapa Uingereza, na mmoja aliyeko Muscat, wameniuliza nimemtuliza vipi, nao walitegemea niseme nimemzoesha kwa kumshika. Sijamshika hata siku moja, na sitamshika.

Mimi ni mtu wa Mombo, pale chini ambapo barabara ya Lushoto huanza kupanda milima ya Usambara. Juu kuna ukungu na kabichi. Kwetu kuna joto, vumbi na mkonge. Buibui huyu ni wa nchi kavu kama hiyo yetu, na wenzake wameenea Kenya, Msumbiji, Zimbabwe, hadi Angola. Mwaka 1897 Pocock, Mwingereza aliyempa jina la kitaalamu, alimwita murinus, neno la Kilatini linalotokana na panya, maana hawako wote wa chungwa. Wengi ni wa kijivu au kahawia. Wale wa chungwa kali ndio wafanyabiashara wa Ulaya wanaowaita kwa jina la Usambara. Nilipoliona jina hilo limeandikwa kwenye kikopo cha plastiki dukani, huku Sheffield, miguu ilikataa kuondoka.

Babu yangu alikata mkonge miaka mingi. Alitukataza tusichokoe shimo lolote lenye utando mdomoni, na sisi tulichokoa. Nakumbuka kijiti, nakumbuka miguu miwili ikitokeza shimoni imenyanyuliwa, kama mtu aliyeuzibia mlango wake kwa mikono. Yule buibui hakutufukuza. Tulipoacha kijiti alirudi ndani. Imepita miaka 30 ndipo nikaelewa nilichokiona siku ile.

Tangawizi hakutoka porini. Amezaliwa hapa Uingereza, kizazi cha mabuibui waliofugwa, na huo ndio ununuzi pekee ninaoukubali. Aliyemtaka ni binti yangu Zuhura, wakati huo ana miaka 11, aliyekuwa amemaliza vitabu vyote vya wadudu katika maktaba ya mtaa. Muuzaji wa duka lile, ambalo silitaji, alimwambia mtoto mbele yangu kwamba akimshika kidogo kidogo kila siku buibui atamzoea. Nilipokuja kujua ukweli, maneno hayo yaliniuma, kwa sababu aliyeambiwa ni mtoto. Mabuibui wakubwa wa Afrika na Asia hawana yale manyoya ya kuwasha ambayo jamaa zao wa Amerika huyapangusa tumboni wakitishwa. Hawa wetu wana mbio na meno, basi. Sumu ya huyu haijulikani kuua mtu, lakini maumivu yake ni makali, na misuli inaweza kukaza kwa siku kadhaa. Si mnyama wa kuwekwa kiganjani mwa mtoto, wala mwa mtu mzima. Jioni ileile nilimwambia, "Zuhura, huyu tutamtazama. Hatutamshika." Akanijibu, "Basi tumtazame vizuri, baba." Ndiye aliyeanzisha daftari.

Nyumba ya kwanza tuliuziwa hapohapo dukani: ya kioo, kimo sentimita 30, upana 20 kwa 20, mlango wa mbele unaofunguka kama wa kabati. Ndani waliweka udongo sentimita 5 na pango la plastiki. Ukiitazama inapendeza. Lakini kwa mnyama mwenye asili ya kuchimba, sentimita 5 ni mkeka, si udongo. Usiku wa kwanza alichimba akafika kioo. Usiku wa tatu akaanza kusuka, na buibui huyu husuka kwelikweli: baada ya wiki mbili utando ulitoka pangoni ukapanda hadi pembe za juu, na sehemu kubwa ya hema lake aliifunga kwenye mlango wenyewe, maana ndipo palipokuwa na kona ya kushikia. Kila nilipofungua kumwekea maji, hema lilipasuka katikati.

Tangawizi ana macho 8, na hayamsaidii sana. Hutambua mwanga na kivuli zaidi ya sura. Anachokijua ni mtikisiko. Manyoya ya miguuni huhisi hata upepo wa pumzi yako, na utando wake ni kama ngozi aliyoitandaza nje ya mwili: nyenje akikanyaga huku, yeye aliye kule amekwisha kujua. Sasa fikiri kuna mtu huja kila siku ya tatu, hapigi hodi, akabomoa ukuta wa chumba unacholala, na mwanga ukakuvamia ghafla. Nawe ungenyanyua mikono.

Watu humwita mkali, mgomvi, mwenye hasira. Mimi baada ya kumtazama namwona ni mwoga mwenye adabu ya kuonya. Kwanza hukimbilia shimoni. Akikosa shimo hujikunyata, miguu ameikunja juu ya kichwa, akitumaini hujamwona. Ukiendelea ndipo huinua kifua na kunyanyua miguu ya mbele, meno yakaonekana. Ukiendelea bado, hupiga chini kwa miguu hiyo kwa kasi, na mara nyingine nimesikia sauti ya kukwaruza kama brashi kavu juu ya gunia. Kung'ata ni kidato cha mwisho. Sumu hiyo ndiyo anayowindia, na kuimwaga kwenye mkono wa mtu asiyeweza kumla ni hasara kwake. Kwa hiyo aliyenyanyua miguu bado anazungumza nawe, anakuomba uondoke. Kosa la nyumba ile ya kioo ni kwamba ilikuwa imemkatia vidato viwili vya mwanzo. Shimo la kukimbilia hana, kona ya kujikunyata mimi ndiye niliyeifungua. Alibakiwa na kunyanyua miguu.

Nililitambua hilo kwenye daftari, si kichwani. Zuhura alikuwa ameandika safu nzima ya neno "miguu juu", na karibu zote zilikuwa siku za kufungua mlango mchana. Zile mara 7 alizotulia, nilifungua usiku akiwa juu kabisa nyuma, mbali na mlango.

Fundi wa sanduku hili nilimpata kwenye maonyesho ya reptilia ya Doncaster. Hana duka wala jina la biashara. Alikuwa na meza moja na masanduku kama manane ya akriliki, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, anayatengeneza mwenyewe jioni akitoka kazini. Nilipomweleza shida yangu alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: buibui wako anasuka wapi? Nikamchorea. Akageuza karatasi akachora sanduku lake upande wa pili. Bei ilikuwa pauni 46, nikalipa 15 za mwanzo, na nilisubiri wiki 5. Kwa nyumba ya mnyama ambaye jike wake huweza kuishi zaidi ya miaka 10, sikuona ghali.

Sanduku lenyewe ni la akriliki ya unene wa milimita 5, upana sentimita 30, kina kwenda nyuma 20, kimo 30. Mfuniko uko juu, una bawaba na vitasa viwili, na haukusudiwi kufunguliwa mara kwa mara. Matundu ya hewa yapo pande mbili zinazotazamana, chini kidogo upande mmoja na juu upande wa pili, ili hewa ipite. Roho ya sanduku ni kidirisha: mraba wa sentimita 7 kwenye kona ya mbele kulia, sentimita 2 juu ya usawa wa udongo, kinateleza kwenda juu ndani ya mfereji na kushikwa na sumaku ndogo. Kando yake kuna tundu la milimita 8 lenye kizibo cha mpira. Bakuli la maji hukaa chini ya tundu hilo. Shimo la buibui liko kona ya nyuma kushoto, mbali kabisa kadiri sanduku linavyoruhusu.

Yaani maji na chakula vinaingia barazani. Chumbani haingii mtu.

Mimi ni mhudumu wa makao ya wazee, zamu ya usiku, kwa hiyo bomba kubwa la sindano, lile la kulishia lisilo na sindano, si kitu kigeni mkononi mwangu. Nilinunua moja na mpira mwembamba wa sentimita 25. Natoa kizibo, naingiza mpira, bakuli linajaa taratibu bila kumwagika wala kutikisa. Sekunde 20, imekwisha. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikuwa nimeshika pumzi, naye hakusogeza hata unyoya. Zuhura aliandika "hakuna" na kuchora nyota pembeni.

Lakini sanduku tupu halimtulizi mtu. Nilijaza udongo sentimita 18: sehemu 3 udongo wa bustani usio na mbolea wala dawa, sehemu 1 makumbi ya nazi yaliyosagwa, nikaunyevusha kidogo, nikaushindilia kwa ngumi tabaka kwa tabaka, kisha nikauacha ukauke wiki nzima. Usipoushindilia, shimo litamwangukia. Nilizika gome la koki, yaani la mti wa vizibo vya chupa, lililojikunja kama bomba, limelala mshazari kutoka juu hadi karibu ya sakafu, kisha nikapitisha mpini wa ufagio ndani yake ili aone kuna mlango tayari. Juu nikaweka majani makavu na vijiti vya kushikia utando, vyote upande wa shimo. Upande wa kidirisha nimeuacha wazi, laini, wenye mwanga. Naye amepaacha. Kutoka udongoni hadi mfunikoni imebaki sentimita 12, karibu sawa na urefu wake miguu ikinyooshwa, na hiyo ni makusudi: buibui mzito akianguka kutoka juu huweza kupasuka tumbo, na ile nyumba ya kioo ilikuwa na sentimita 25 za kuanguka.

Pande tatu nimebandika karatasi nyeusi kwa nje. Chini nimeweka mkeka wa mpira wa mazoezi, umekunjwa mara mbili. Hapo awali rafu yake ilikuwa kwenye ukuta unaopakana na mashine ya kufulia, na ukisoma daftari la miezi ile utaona Jumamosi ni siku mbaya, nasi Jumamosi ndiyo siku ya kufua. Nimehamisha rafu chumba cha ndani, mbali na mlango unaobamizwa na mbali na spika. Joto ni la chumba, nyuzi 22 hadi 26, bila hita.

Siku ya kuhama nataka niieleze, kwa sababu wengi huumia au hupoteza buibui siku hiyo. Nilichagua saa 4 asubuhi baada ya zamu, wakati yeye amelala. Nyumba ya zamani niliiweka ndani ya beseni la kuogea, nikaziba tundu la maji kwa kitambaa. Nilikuwa na kopo pana la plastiki linaloonyesha, kadi ngumu, brashi ya rangi yenye mpini mrefu na manyoya laini, na kibano cha sentimita 30 ambacho ncha zake nimezivisha mpira. Mama Zuhura alisimama nje ya mlango, ameziba upenyo wa chini kwa taulo. Mtoto nje pamoja naye na daftari lake.

Nilikata utando polepole kwa mkasi, si kwa kuuvuta. Alipotokeza alinyanyua miguu, nikaacha. Hilo ndilo jambo moja ninalomwomba kila atakayejaribu: akinyanyua, wewe acha. Nilikaa ukingoni mwa beseni nikihesabu tasbihi hadi akashusha, nikaendelea. Mara moja alichomoka. Hujawahi kuona mbio hizo. Nilimwona hapa, kisha yuko kule, katikati sikuona kitu. Aligonga ukuta wa beseni, ukawa unateleza, akasimama. Nikamfunika kopo, nikapitisha kadi chini yake, nikabeba. Nikaliweka kopo mdomoni pa gome la koki, kadi nikaitoa, na kwa brashi nikamgusa mguu wa nyuma mara moja. Akaingia gizani kama maji yanavyoingia mchangani. Kazi nzima ilikuwa dakika 40, na dakika 30 kati ya hizo nilikuwa sifanyi chochote.

Siku 9 hatukumwona. Zuhura alilia siku ya sita akidhani amekufa, akaniomba tufungue mfuniko tumtazame. Nilimkatalia, na haikuwa rahisi. Usiku wa kumi nikirudi mapema nilimkuta anabeba vidonge vya udongo kwa taya, anavipanga nje ya shimo kimoja kimoja, kama mwashi. Wiki tatu za mwanzo sikufungua chochote ila tundu la maji. Leo mdomo wa shimo umezungukwa na utando mweupe uliokaa kama faneli, mrefu hadi kwenye vijiti, na kidirisha changu kiko nje ya mipaka hiyo.

Zile mara 3 alizonyanyua miguu zote nazijua sababu. Ya kwanza jirani alikuwa anatoboa ukuta kwa drili. Ya pili nilipiga chafya nikiwa nimefungua kidirisha, na kwake pumzi ni upepo wa mnyama mkubwa aliye karibu. Ya tatu ni kosa langu la kutosoma dalili: alikuwa ameacha kula wiki 3, tumbo limevimba na rangi imefifia, mdomo wa shimo ameupunguza kwa utando, nami nikaingiza kibano kutoa nyenje aliyekuwa hai. Alikuwa anajiandaa kujivua gamba. Wakati huo mwacheni. Baada ya kujivua, meno huwa meupe na laini, hawezi kujitetea wala kula, na nyenje mwenye njaa anaweza kumtafuna yeye. Mimi sasa nasubiri wiki 2 kamili baada ya kuliona gamba kabla ya kuweka chakula. Gamba lenyewe alilitupa nje ya shimo, nikalivuta kwa kidirisha bila kufungua mfuniko. Zuhura alililoweka, akalinyoosha, akatazama ndani ya ngozi ya tumbo kwa kioo cha kukuzia, na hapo ndipo tulipopata hakika kuwa ni jike.

Msichanganye pia njaa na kujitetea. Siku za kula, mara nyingine hutoka mbio na kudaka kibano bila kunyanyua chochote. Huyo hajakasirika, amedhani ni nyenje. Siku hizi kwanza nagusa utando kidogo kwa ncha ya brashi. Akija kwa mbio, ni njaa. Akirudi nyuma, nafunga na kuondoka. Chakula ni nyenje mmoja mkubwa kila baada ya siku 7 hadi 10, na mabaki naondoa kesho yake asubuhi yasilete utitiri.

Sasa dosari za sanduku, maana zipo. Akriliki hukwaruzika kwa kitu chochote. Mchanga wa kucha za nyenje tu umeacha mistari mbele. Mfuniko umeanza kupinda kidogo katikati, kwa kuwa ndani kuna unyevu wa bakuli na nje ni kukavu, hasa majira ya baridi redieta zikiwaka. Haujaacha upenyo, lakini napima kila mwezi kwa karatasi: karatasi ikipita kwa ulegevu, nitambadilishia. Nilifanya kosa la kufuta ukuta wa mbele kwa vitambaa vya spiriti tunavyotumia kazini, na kando ya kiungo pakatokea nyufa nyembamba kama nywele. Spiriti huichana akriliki. Tumia maji ya vuguvugu na tone la sabuni, kwa kitambaa laini. Udongo ukijaa sanduku ni zaidi ya kilo 10, na fundi hakuweka vishikio; nililibeba kwa kukumbatia, jambo ambalo sitaki kulirudia likiwa na mwenyeji ndani. Sumaku ya kidirisha ni ndogo kupita ninavyopenda. Nyumba yenye mtoto mdogo au paka ingehitaji kitasa, nami nimeongeza utepe wa gundi kwa nje.

Halimfai kila buibui. Wale wanaokaa juu ya miti wanataka kimo na gome la kusimama, na kidirisha cha chini hakitawasaidia. Wanaotaka udongo wa unyevu wataipinda akriliki mapema. Vitoto vidogo vitapita kwenye matundu ya hewa. Kwa mchimbaji na msukaji mkubwa wa nchi kavu, sijaona kinachokaribia.

Ndugu wa Dar na Mombasa mtaniuliza mtalipata wapi. Sanduku kama hili si la kuagiza Ulaya. Fundi yeyote wa mabango anayekata akriliki anaweza kulitengeneza akipewa mchoro, na kidirisha ni kipande tu kinachoteleza kati ya vipande viwili. Mwambie gundi ikishika uliache wazi wiki 2 au 3 hadi harufu iishe kabisa. Na humo chumbani isiingie dawa ya kupuliza mbu wala ya mende, hata siku moja. Inayoua mende inaua buibui. Halafu, tafadhali, msiende kuchimbua walioko porini. Sheria za wanyamapori kwetu zinataka kibali, lakini hata pasingekuwa na sheria, jike mwenye miaka 10 ardhini anang'olewa kwa dakika moja ya jembe.

Wapo wafugaji, nao ni wazoefu, wanaosema kumgusa mara kwa mara humfanya azoee. Nimewasikiliza kwa heshima. Ninachokiona mimi ni mnyama aliyechoka kuonya, akaganda, na mtu akakuita kuganda huko kuzoea. Tangawizi hanipendi na hahitaji kunipenda. Ninachoweza kumpa ni shimo refu, giza, na mkono usioingia chumbani kwake, na sanduku hili linaniwezesha kumpa vyote vitatu bila kumnyima maji. Nimempa fundi nyota 5 licha ya ule mfuniko, na nimemwagiza la pili lenye vishikio na kitasa, kwa ajili ya rafiki yangu wa Leeds.

Leo nimerudi kutoka kazini saa 1 na nusu asubuhi, Zuhura anavaa sare ya shule. Tangawizi alikuwa mdomoni mwa shimo, mguu mmoja wa chungwa umelala juu ya utando. Nimefungua kidirisha, nimetoa bawa la nyenje wa jana, nimefunga. Ameuvuta mguu ndani polepole, kisha giza likabaki peke yake. Zuhura ameandika: "Amerudi ndani."